Unaichaguaje sheli ukiwa na gari-nyumba? Kwangu bei ni ya tatu

#1 NjiaNdefu

Wakuu, habari za safari.

Nyuzi za mafuta humu ni nyingi na karibu zote zinagombania senti. Mimi naleta jambo linalotangulia senti: ukiwa umeshika usukani wa gari-nyumba, haya wanayoyaita RV, kwenye barabara za Marekani, unajuaje sheli hii niingie na hii niipite?

Mimi na mama watoto tuko njiani mwaka wa nne sasa. Gari letu ni la petroli, futi 34, tenki la galoni 80. Nyuma tunakokota gari dogo, magurudumu yake yote manne yakiwa chini. Ukijumlisha na kile chuma cha kukokotea, tunazidi futi 50.

Kwa wageni wa mambo haya: gari likikokotwa hivyo, rivasi hakuna. Ukirudi nyuma tu, magurudumu ya mbele ya gari dogo yanajikunja upande, chuma kinabanwa, na ukilazimisha utapinda kitu cha mamia ya dola. Ukishaingia mahali pasipo na njia ya kutokea mbele, dawa ni moja: ushuke, uyatenganishe magari.

Hilo nilikuwa nimelisoma. Baadaye nikaja kulijua kwa magoti. Mwaka wetu wa kwanza, simu ilinionyesha sheli moja ndani ya mji mdogo, bei yake iko chini kwa senti 14 kuliko ile ya kando ya barabara kuu. Nikaacha barabara kuu. Nikakata kona mbili, nikaingia. Gari lilipofika usawa wa pampu ndipo nikaona kilicho mbele: ukuta wa duka, kasha la barafu, na kizimba cha mitungi ya gesi. Pampu zote zilikuwa zimeelekea dukani. Kushoto pick-up imeegeshwa, kulia nguzo za njano.

Mke wangu akashuka kwenda kuwazuia waliokuwa wanaingia nyuma yetu. Mimi nikapiga magoti kwenye lami iliyolowa mafuta nichomoe pini. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikagoma kabisa, kwa sababu nilisimama gari likiwa bado limekaa kona, kwa hiyo chuma kilikuwa kinavutwa upande. Ikabidi mke wangu aingie kwenye gari dogo, alisogeze mbele upana wa kiganja, mimi huku napiga pini kwa nyundo. Dakika 40. Waliokuwa wanasubiri walikuwa wastaarabu, lakini kila mmoja alikuwa na safari yake. Nilijaza galoni 58, nikaokoa dola 8 na senti 12.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu. Kwanza naangalia njia ya kutokea. Pili, kama mafuta ninayoyataka yapo. Bei inafuata baada ya hapo.

Njia ya kutokea naiangalia usiku wa kuamkia safari, kwenye ramani yenye picha za setilaiti. Sihesabu pampu. Natafuta malori. Picha ikionyesha lori lenye tela limesimama penye pampu au limeegeshwa ubavuni, najua mtu mrefu kuliko mimi aliingia na akatoka. Halafu naangalia milango ya barabarani. Sheli ya kona yenye mlango kila upande nzuri. Yenye mlango mmoja naipita hata wakigawa bure. Na naangalia pampu zimelalia wapi: zikiwa sambamba na duka unapita moja kwa moja, zikielekea duka unaishia ukutani kama nilivyoishia mimi.

Na hesabu ya kuzunguka fanyeni, jamani. Sheli nafuu kwa senti 10, iko maili 8 nje ya njia. Kwenda na kurudi maili 16. Gari langu linakwenda maili 8 kwa galoni, kwa hiyo nimechoma galoni 2, tuseme dola 7. Nikijaza galoni 60 nimeokoa dola 6. Nimetoa dola moja mfukoni na nusu saa ya mchana.

Karibuni. Nyie mnafanyaje?

#2 TelaNaWanne

Kaka NjiaNdefu, pole kwa yaliyokukuta. Ila mimi kwenye bei sikubaliani na wewe, na nitasema kwa nini.

Sisi tunavuta tela la futi 27 kwa pick-up ya petroli, watoto wanne ndani. Mwezi tukienda mbali, mafuta yanapita chakula. Siwezi kuiweka bei ya tatu. Tofauti yangu na wengi ni kwamba siitafuti bei sheli kwa sheli, naitafuta jimbo kwa jimbo. Kodi ya serikali kuu ni ileile kokote, senti 18.4 kwa galoni ya petroli na 24.4 kwa dizeli, haijaguswa tangu 1993. Majimbo ndiyo yanayoachana. Ukitoka Los Angeles kwa barabara kuu ya I-10 kuelekea mashariki, unafika Blythe, unavuka mto Colorado, upande wa pili ni Ehrenberg, Arizona. Ule mto una thamani ya dola nzima kwa galoni mara nyingi, na kuna siku inazidi. Tukiwa tunatoka California najaza ya kunivusha tu. Tukiwa tunaingia, najaza mpaka shingoni upande wa Arizona. Hapo hata hakuna kuzunguka, ni njia yangu ileile.

Hiyo si senti 14 ya kukupeleka ukutani, kaka. Galoni 25 kwa dola moja ni viatu vya mtoto.

Jambo jingine kwa wenye matela. Sisi tuna nafasi ambayo mwenye gari-nyumba hana: tukifika kambini tunaliacha tela, na pick-up inabaki gari la kawaida. Jioni hiyo hiyo au asubuhi kabla ya kufunga tela ndipo ninapoenda kujaza. Naingia Costco, lile duka kubwa la wanachama lenye pampu zake, pale ambapo foleni ni ya upande mmoja na nafasi ni ya magari madogo, natoka bila kumsumbua mtu. Nikiwa na tela nyuma sijazi kabisa, labda siku ya mwendo mrefu.

#3 MzeeWaDizeli

Nimeendesha lori miaka 26, sasa nimestaafu, naendesha nyumba ya dizeli ya futi 40 na bibi yenu. Naomba niseme juu ya upande wa malori, maana naona watu wanauogopa na wengine wanauingia vibaya.

Mwenye dizeli, mahali pako ni huko nyuma. Pilot, Flying J, Love's, vituo vya namna hiyo vina njia za malori zilizo pana, paa liko juu, na unatoka mbele bila kukunja kona. Pampu zake zina kasi sana. Tenki la galoni 100 linajaa ukiwa bado unafuta kioo. Lakini wenye pick-up za dizeli muangalie, mdomo wa pampu ya lori ni mnene, kwenye tenki lako huenda usiingie, na ukiingia mafuta yanafanya povu na kukurukia.

Ukiweka kadi, pampu itakuuliza: kichwa, friji la tela, au vyote viwili? Jibu kichwa peke yake. Mafuta ya friji la tela yametiwa rangi nyekundu kwa sababu hayakulipiwa kodi ya barabara. Ukikutwa nayo kwenye tenki la gari linalotembea barabarani, faini ni dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, wanachukua iliyo kubwa. Rangi ile haitoki haraka.

Vituo vingi vina pampu ya pili ng'ambo ya gari, kwa malori yenye matenki mawili. Kama mdomo wa tenki lako uko upande huo, nyanyua kwanza pampu kuu, ndipo ile ndogo itoe. Nimeona watu wanagonga kitufe dakika kumi hawajui.

DEF, kile kimiminika cha kupunguza sumu ya moshi wa dizeli, ipo pale pale kwenye pampu, nafuu kuliko ya madumu. Mfuniko wake ni wa buluu. Ule mchanganyiko ni urea asilimia 32.5 na maji, hauna undugu wowote na dizeli. Ukiumwaga kwenye tenki la dizeli usiwashe injini, hata swichi usiguse. Piga simu uvutwe.

Sasa adabu. Dereva wa lori sheria inampa saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Saa ikishaanza haisimami kwa sababu wewe umeenda kununua kahawa. Ukimaliza kujaza, sogea mbele mpaka kwenye mstari, mwenzako aingie, ndipo uende dukani. Na ukiweza nenda saa nne mpaka saa saba mchana. Alfajiri na jioni pale ni pao.

Mwanangu wa #1, umesahau mkia. Gari lako kutoka tairi za nyuma hadi bampa ni futi kumi na zaidi. Ukikata kona kushoto, mkia unaenda kulia. Watu wanaangalia mbele, wanapita vizuri, na mkia unaibeba pampu. Toka moja kwa moja mpaka tairi za nyuma zipite nguzo, ndipo ukate.

#4 NjiaNdefu

Shikamoo mzee wangu. La mkia umeniokoa, nilikuwa nalifanya kwa mazoea bila kujua ndilo linalonilinda. Swali moja: sisi wa petroli huko nyuma hatuna chetu. Unatushauri nini?

Dada TelaNaWanne, nimekuelewa, na kwa mpaka wa jimbo nakupa haki yako. Hata mimi kwenye mto ule nafanya hivyo hivyo. Ugomvi wangu ni na ile nafuu ndogo inayokutoa njiani.

#5 MzeeWaDizeli

Marahaba. Flying J nyingi zimetenga pampu za magari-nyumba pembeni, zina petroli na dizeli pamoja, na baadhi zina gesi na mahali pa kumwaga maji machafu. Pasipo na hizo, chagua pampu ya mwisho kabisa upande wa nje. Usiingie katikati. Ukiwa pembeni, upande mmoja wako ni wazi, na kona yako unaikatia nje.

#6 Mgeni_wa_Barabara

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimesoma neno kwa neno. Tumenunua gari-nyumba la futi 25 lililojengwa juu ya chasisi ya Ford E-450, la petroli, tenki galoni 55, jenereta ndani. Wiki ijayo tunatoka Utah kusini, tunashika I-70 mpaka Denver. Nina maswali mawili. Pampu za huko zina vitufe 85, 88 na 91, kwingine 87. Kipi changu? Na nijaze tenki likifika wapi?

#7 NjiaNdefu

Karibu sana ndugu yangu. Hili la vitufe ndilo ninaloliita "mafuta ninayoyataka yapo?", nilipita juu juu kule mwanzo.

Namba hizo ni oktani, yaani petroli inastahimili kubanwa kiasi gani kabla ya kujilipukia yenyewe. 85 ni ya majimbo ya milimani, Utah, Colorado, Wyoming. Ilianza enzi za kabureta, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi na injini za zamani hazikuhitaji zaidi. Kitabu cha gari langu kinasema isipungue 87 na mimi nakitii, hasa nikiwa napandisha mlima na nyumba mgongoni. Soma cha kwako.

88 ina mtego. Utah 88 inaweza kuwa petroli ya daraja la kati tu, haina tatizo. Majimbo mengine 88 ni E15, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 15, na mara nyingi ndicho kitufe cha bei ya chini kuliko vyote. E15 imeruhusiwa kwa magari madogo ya 2001 na kuendelea. Magari yenye injini za kazi nzito hayamo, na magari-nyumba mengi yamejengwa juu ya chasisi za kazi nzito. Jenereta nayo inanyonya kutoka tenki hilo hilo, na watengenezaji wengi wa jenereta wanaishia E10. Kwa hiyo usisome namba peke yake, tafuta kibandiko. Kikisema E15, acha. E85, yenye ethanoli nyingi zaidi, usiiguse.

Na usiamini rangi ya mpini wa pampu. Sheli nyingi kijani ni dizeli, lakini kuna kampuni ambayo kijani chake ni petroli. Soma maandishi kila mara, hata ukiwa umechoka. Hasa ukiwa umechoka.

Kuhusu tenki: mimi nikifika nusu naanza kutafuta, nikifika robo lazima niwe nimeshajaza. Jenereta yenyewe imepangiwa hivyo, bomba lake halifiki chini ya tenki, mafuta yakifika kama robo inazima ili ubakiwe na mafuta ya kukutoa. Usiku wa joto, kiyoyozi kinawaka, ikizima saa nane za usiku utajua umelaza tenki vibaya.

Sasa njia yako. Kati ya Salina na Green River pale Utah, I-70 ina maili kama 110 bila sheli hata moja. Hakuna duka, hakuna mji. Ukitokea magharibi, jaza Salina. Upepo wa mbele na vilima vya pale vinakunywa.

#8 BaridiYaKaskazini

Mimi naongezea msimu, haujaguswa.

Tuna dizeli. Miaka mitatu nyuma tulitoka Texas mwezi wa kumi na moja tukiwa na tenki lililojaa huko huko, tukalala Wyoming. Asubuhi injini ilishika dakika mbili ikafa. Dizeli ya kule kusini haikuwa imetengenezwa kwa baridi ile, nta iliyomo iliganda ikaziba chujio. Mume wangu alilifungua, akanionyesha: lilikuwa limejaa kitu cheupe kizito kama mafuta ya kupikia yaliyolala nje. Tulikaa siku nzima tukisubiri fundi, watoto wamevaa makoti ndani ya nyumba.

Kosa letu lilikuwa kufika na tenki limejaa mafuta ya nyumbani kwa joto. Sasa tukielekea kwenye baridi tunafika na tenki likiwa chini ya nusu, tunajaza kwenye mji wa kwanza wa baridi, mchana, na tunaendesha angalau nusu saa ili mafuta mapya yafike mpaka kwenye chujio kabla ya kulala. Sheli za huko zinauza dizeli iliyochanganywa kwa majira yao. Hapo bei siiangalii hata kidogo.

Kiangazi nako kuna lake. Minnesota kuanzia Aprili dizeli ya kawaida ni B20, yaani asilimia 20 imetokana na mimea au mafuta ya wanyama. Injini nyingi mpya zinaikubali, za zamani si zote. Gari letu ni la zamani, kwa hiyo tunajaza kabla ya mpaka na kuvuka.

Na jambo moja ambalo naomba kila mtu alifanye. Kabla hamjaacha barabara kuu kuingia sheli, zimeni friji la gesi na kichemsha maji. Friji likiwa kwenye gesi kuna mwali unawaka ubavuni mwa gari, na joto la ndani likipanda linajiwasha lenyewe kwa cheche. Mdomo wa tenki huenda uko hatua chache tu kutoka hapo. Sisi tumebandika karatasi nyekundu kwenye usukani: GESI. Mtoto wetu wa miaka saba ndiye anayeuliza kila mara, "Mama, gesi?" Sitoki barabarani kabla sijamjibu.

#9 TelaNaWanne

Dada wa #8, hiyo ya gesi nimeinakili. Sisi friji letu tulikuwa tunaliacha linawaka miaka yote. Leo nimemwambia mume wangu.

Kwa Mgeni, nyongeza kidogo. Kadi yako huenda ikakatwa katikati ya kujaza. Pampu zina kikomo cha dola, kikifika zinasimama hata kama tenki halijajaa. Si kadi mbovu. Anza upya, au ingia ndani ulipe kwa mhudumu kabla. Ukisafiri na kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, angalia kwamba pesa ambazo pampu inazishikilia kwa muda hazikuachi bila kitu kwa siku mbili.

Na ukipita New Jersey usishuke kujijazia, sheria yao hairuhusu tangu 1949, mhudumu ndiye anayejaza. Mwonyeshe mdomo wa tenki na umtajie mafuta kwa sauti. Oregon nako ilikuwa hivyo, ila tangu 2023 unaweza kujijazia.

#10 MzeeWaDizeli

Mgeni, na ukifika sheli usiyoijua, hata kama ramani imekuambia ni nzuri, simama kwanza barabarani au kwenye uwanja wa pembeni. Tuma mtu atembee kwa miguu. Dakika tatu. Aangalie kibao cha urefu wa paa, na wewe ujue urefu wako kwa futi na inchi pamoja na kiyoyozi cha juu. Uandike, ubandike mbele yako. Nilifanya hivyo miaka 26 na sikuwahi kuona aibu.

#11 Mgeni_wa_Barabara

Wakubwa, nimerudi. Tumefika Denver jana jioni.

Salina nilijaza, galoni 31, kitufe cha 88. Nilitafuta kibandiko kwanza, cha E15 hakikuwepo. Pampu ya mwisho upande wa nje kama mzee alivyosema. Mke wangu alishuka akatembea kwanza, akarudi akaniambia paa ni futi 14, sisi ni 11 na inchi 4. Friji lilikuwa limezimwa.

Ile maili 110 ni kweli tupu. Milima myekundu na anga, na upepo wa mbele tangu mwanzo. Mshale ulikuwa unashuka nikiuangalia. Tulipofika Green River tulikuwa tumeshuka karibu galoni 17, zaidi ya nilivyokadiria. Sheli ya kwanza kushoto ilikuwa nafuu kwa senti 6, ila pampu zake zilikuwa zimeelekea duka. Nikaipita, nikaingia ya pili.

#12 NjiaNdefu

Safi sana ndugu yangu. Ukitoka Denver mnaelekea wapi?